Unapofunga dirisha la mchoro, unafunga nini?

Katika ofisi ya usanifu majengo, kompyuta ya mchoraji haikai na mchoro mmoja. Nyumba ya ghorofa moja tu inayoandaliwa kwa ajili ya kibali cha ujenzi huwa na michoro ya msanifu, michoro ya mhandisi wa miundo, michoro ya umeme, ya maji safi na ya maji taka, ramani ya kiwanja iliyotoka kwa mpima ardhi, na mara nyingi mchoro wa mradi wa zamani uliofunguliwa ili kuchukua ngazi au choo kilichokwisha kuchorwa vizuri. Kufikia saa sita mchana vichupo, vile vibao vidogo vyenye majina ya faili zilizofunguliwa, vimejaa juu ya skrini, majina yake yamekatwa katikati kwa kukosa nafasi, na mchoraji anabofya kimoja baada ya kingine akitafuta plani ya msingi aliyokuwa nayo muda mfupi uliopita.

Wanaojifunza programu za kuchora hufundishwa kwa bidii namna ya kufungua, kuchora na kuchapisha. Kufunga hupitwa haraka, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua. Mimi naliona ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu ni wakati wa kufunga ndipo kazi ya siku nzima huhifadhika au hupotea, na ndipo mwenzako wa meza ya pili anapoachiwa faili au anapoendelea kunyimwa. Ninaandika kuhusu AutoCAD na Revit, programu mbili ninazozitumia kila siku hapa Dar es Salaam, nikiwa na neno moja kubwa la kusema: madirisha ya programu hizi mbili yanafanana kwa macho, lakini si kitu kimoja, na anayeyafunga kwa mazoea ya aina moja atapata hasara upande mmoja na atabeba mzigo usio na faida upande wa pili.

Katika AutoCAD, dirisha ni faili. Kila kichupo unachokiona juu ya eneo la kuchorea ni faili moja ya DWG (aina ya faili ambamo AutoCAD huhifadhi mchoro) iliyoko kwenye diski au kwenye seva, yenye orodha yake ya hatua za kutengua, yenye mipangilio yake, na yenye kufuli yake. Huwezi kufungua madirisha mawili ya kuhariri mchoro uleule. Ukitaka kutazama sehemu mbili za mchoro kwa pamoja unagawa dirisha hilo hilo kwa amri ya VPORTS. Katika Revit hali ni kinyume. Faili ni moja, modeli ya jengo zima, na madirisha ni mionekano tu ya modeli hiyo: plani ya chini, plani ya ghorofa, mkato (jengo likionekana kama limekatwa wima), sura ya mbele, jedwali la milango, karatasi ya kuchapishia. Ni kama mnazi mmoja unaotazamwa kutoka pande nne. Ukiacha kuutazama kwa upande mmoja, mnazi hauanguki.

Tofauti hii ina historia. AutoCAD ilianza mwaka 1982, na kwa miaka mingi ilifungua mchoro mmoja tu kwa wakati mmoja. Aliyetaka kuutazama wa pili alilazimika kuiwasha programu mara ya pili. AutoCAD 2000, iliyotoka mwaka 1999, ndiyo iliyoruhusu michoro mingi ndani ya programu moja. Vichupo vya michoro vilikuja na toleo la 2014, na katika toleo la 2022 mtu akaweza kukiburuta kichupo nje na kukiweka kwenye skrini ya pili. Revit ilizaliwa mwaka 2000 nje ya Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, ikanunuliwa na Autodesk mwaka 2002, na tangu mwanzo wake ilijengwa juu ya wazo la modeli moja yenye mionekano mingi. Kwa hiyo mchoraji aliyekomaa katika AutoCAD kisha akahamia Revit huja na hofu ya kufunga, na aliyeanza na Revit huja AutoCAD na wepesi wa kufunga usiomfaa.

Nianze na AutoCAD, kwa sababu huko ndiko hatari iliko.

Amri zake ni tatu, na zote zinaandikwa kwenye mstari wa amri. CLOSE inafunga mchoro ulio mbele yako. CLOSEALL inafunga yote, lakini programu yenyewe inabaki wazi. CLOSEALLOTHER inafunga mingine yote na kuuacha huu unaoufanyia kazi, na hiyo ndiyo ninayoitumia kuliko zote, kwa kuwa haja ya kweli ya katikati ya siku si kumaliza kazi bali ni kubaki na mchoro mmoja mbele ya macho. Amri hizo hizo zinapatikana ukibofya kichupo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, pamoja na ya kuhifadhi michoro yote kwa mpigo na ya kufungua folda ambamo faili imo. Kwa kibodi, Ctrl na Tab zinakuhamisha kutoka mchoro mmoja hadi mwingine, na Ctrl na F4 zinafunga ulio mbele. Ukibonyeza Alt na F4 badala yake, unaifunga programu nzima; itakuuliza kuhusu kila mchoro wenye mabadiliko, lakini utakuwa umejiingiza katika maswali mengi ambayo hukuyakusudia. Na kama amri fulani bado inaendelea katika mojawapo ya michoro, kwa mfano umeacha mstari katikati ukaenda kutazama mchoro mwingine, AutoCAD haitakubali kuufunga mchoro huo mpaka urudi ubonyeze Esc.

Swali linalosumbua zaidi wakati wa kufunga ni lile la kuhifadhi mabadiliko. CLOSEALL haina jibu moja la jumla: inakuuliza mchoro baada ya mchoro, na mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni hujibu "ndiyo" kila mara ili aondoke. Jibu hilo linaonekana kuwa la usalama, lakini si salama kila wakati. Fikiria mchoro wa mhandisi wa miundo ulioufungua ili kuangalia vipimo vya nguzo tu. Ulipokuwa ndani uliburuta boriti moja pembeni ili uone kilicho chini yake, ukasahau kuirudisha. Ukijibu "ndiyo", boriti hiyo imehama katika faili ya mhandisi, tarehe ya faili imebadilika, na atakayeifungua kesho ataamini kwamba mhandisi mwenyewe ndiye aliyeihamisha. Kwa hiyo mimi siishauri ile amri ya kuhifadhi yote kwa mpigo kabla ya kufunga, ingawa ni maarufu, mpaka mtu awe ameshavipitia vichupo kimoja kimoja.

Kuvipitia si kazi ngumu. Kichupo chenye alama ya nyota pembeni ya jina kina mabadiliko yasiyohifadhiwa. Chenye alama ya kufuli kimefunguliwa kwa kusomwa tu. Tatizo ni kwamba nyota hutokea hata kwa jambo dogo sana, kwa sababu AutoCAD inahesabu kuukuza na kuusogeza mwonekano kuwa ni badiliko. Ndiyo maana mtu hufungua mchoro, huukuza autazame vizuri, hataki kitu kingine, na bado anaulizwa kama ahifadhi. Hapo ndipo kigeu kiitwacho DBMOD, yaani thamani ambayo programu yenyewe huitunza, kinaposaidia. Andika DBMOD kwenye mstari wa amri kisha bonyeza Enter, nayo itakujibu kwa namba. Ikiwa ni 0, hakuna kilichobadilika. Namba nyingine ni jumla ya thamani kadhaa: 1 inaonyesha kwamba vitu vilivyochorwa vimeguswa, 4 inahusu mipangilio ya mchoro, 8 ni dirisha, na 16 ni mwonekano. Kwa kuwa thamani zote isipokuwa ile ya kwanza ni namba shufwa, namba witiri ina maana moja tu, kwamba vitu vyenyewe vimeguswa, na hapo hupaswi kujibu lolote kabla ya kukumbuka ulichokifanya. Ukikuta 16 peke yake, jibu "hapana" bila wasiwasi. Ni jambo dogo, lakini linamtoa mtu katika kubahatisha, na sijui kwa nini halifundishwi mapema.

Njia bora zaidi ni kuzuia swali lisitokee. Mchoro unaotaka kuutazama tu, ufungue kwa kusomwa tu. Katika kisanduku cha kufungulia faili, mshale ulio pembeni ya kitufe cha kufungua unakupa uamuzi huo. Hata ukiburuta boriti kwa bahati mbaya, faili ya asili haiwezi kuandikwa juu yake. Na kama huhitaji kuchora kabisa, Autodesk inatoa bure programu ya DWG TrueView, inayoonyesha mchoro na kuuchapisha bila kuuhariri. Mkadiriaji majenzi anayepima eneo la sakafu hana sababu ya kuushika mchoro wa msanifu katika hali ya kuhaririwa.

Hapa nigusie suala la kushika, kwa sababu ndilo linaloleta maneno ofisini. AutoCAD inapofungua mchoro, huandika pembeni yake faili ndogo mbili zenye jina lile lile, moja ikiishia na .dwl na nyingine .dwl2. Ndani yake kuna jina la aliyeufungua, jina la kompyuta yake na wakati alioufungua. Mtu wa pili akijaribu kuufungua mchoro huo kutoka kwenye seva, anaambiwa kwamba unatumika, na anaruhusiwa kuusoma tu. Mchoro ukifungwa ipasavyo, faili hizo mbili hufutwa zenyewe. Maana yake ni kwamba dirisha uliloliacha wazi ulipokwenda kula, au ulipokwenda kutembelea eneo la ujenzi Kigamboni ukarudi jioni, limemzuia mwenzako mchana kutwa, hata kama wewe hukuchora hata mstari mmoja. Amri ya WHOHAS inakuonyesha nani ameushika mchoro, na inafaa kuijua, kwa sababu kumwendea mtu kwa jina na kumwomba aufunge ni adabu nzuri kuliko kuinakili faili na kuendelea na nakala. Nakala ndiyo chanzo cha zile faili zenye majina ya "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho", ambazo baada ya muda hakuna anayejua ipi ndiyo iliyopelekwa halmashauri.

Kuna na dirisha la aina nyingine linalostahili uangalifu wake. AutoCAD ikianzisha mchoro mtupu huuita Drawing1, wa pili Drawing2, na kuendelea. Wachoraji wengi huutumia mchoro huo mtupu kama mahali pa kuwekea vitu kwa muda: unanakili dari kutoka mradi huu, unalibandika pale, unalisafisha, kisha unalipeleka kule. Jioni, CLOSEALL ikiuliza kuhusu Drawing3, jina hilo halimkumbushi mtu chochote, na vidole hujibu "hapana" haraka. Kama ndani yake kulikuwa na dari lililosafishwa ambalo halijapelekwa popote, limekwisha kwenda, na kwa kuwa orodha ya kutengua ya AutoCAD ni ya mchoro na hufa pamoja na dirisha lake, hakuna kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo ninapendekeza mchoro wa muda upewe jina tangu mwanzo na uwekwe katika folda ya mradi, hata kama utafutwa baada ya saa moja. Mchoro wenye jina hauulizwi swali gumu.

Mpangilio wa kufunga una uzito pia pale michoro inapoambatishwa ndani ya mingine kwa XREF. Plani ya msanifu huambatishwa ndani ya mchoro wa umeme ili fundi wa umeme achore taa zake juu ya kuta zilezile. Ukiwa ndani ya mchoro wa umeme, amri ya XOPEN hukufungulia plani hiyo katika dirisha lake yenyewe. Ukihamisha ukuta humo na kuhifadhi, mchoro wa umeme unakujulisha kwenye kona ya chini kulia kwamba mchoro ulioambatishwa umebadilika na unahitaji kupakiwa upya. Fuata mpangilio huu: hifadhi na ufunge plani kwanza, rudi kwenye mchoro wa umeme, ipakie upya, tazama kama taa zako zimebaki mahali pake, ndipo uhifadhi na kufunga. Ukifunga mchoro wa umeme kwanza, hakuna kitakachoharibika katika faili, ila hutaona kwamba swichi uliyoiweka ukutani sasa inaelea katikati ya chumba, na atakayeiona ni mtu mwingine, pengine baada ya karatasi kuchapishwa.

Revit inahitaji mkono mwepesi zaidi. Kila unapobofya mara mbili jina la mwonekano katika orodha ya mradi, dirisha jipya hufunguliwa na lile la awali halifungwi. Unabofya mkato kuona urefu wa ngazi, unabofya jedwali la milango kuhesabu, unarudi kwenye plani, unafungua sura ya nyuma, na bila kukusudia umejaza vichupo. Hofu ya mtu aliyetoka AutoCAD ni kwamba akifunga mojawapo atapoteza alichochora humo. Hatapoteza. Ukuta uliouchora katika plani umo ndani ya modeli, na orodha ya kutengua ni ya mradi mzima, kwa hiyo hata baada ya kulifunga dirisha la plani unaweza kukaa kwenye mkato ukatengua ukuta uliouchora kule. Programu haikuulizi chochote unapofunga mwonekano, na ukimya huo ni wa haki. Ni dirisha la mwisho tu la mradi ndilo linalokwenda na mradi wenyewe, na hapo ndipo swali la kuhifadhi linapotokea.

Hasara ya Revit iko katika kutofunga. Kila mwonekano ulio wazi unadai sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, na ule wa pande tatu wenye vivuli unadai zaidi ya wengine. Mahitaji ya chini ya RAM kwa matoleo ya karibuni ni GB 16, na wengi wetu tunafanya kazi kwa kompyuta zilizo kwenye kiwango hicho hicho au chini yake. Katika modeli ya nyumba ndogo hutaona tofauti. Katika modeli ya hosteli au ya jengo la maduka lenye vyumba vingi, kusogeza ukuta mmoja huku mionekano mingi iko wazi kunaweza kukufanya usubiri mpaka uanze kudhani kompyuta imeganda. Kabla ya kulaumu kompyuta, funga mionekano.

Kitufe chake kinaitwa Close Inactive, na kimekaa kwenye upau mdogo wa juu kabisa pamoja na kwenye kichupo cha View. Kinafunga mionekano yote isipokuwa ule ulio mbele. Katika matoleo ya kabla ya 2019 kiliitwa Close Hidden, na katika matoleo hayo kilihitaji dirisha la mbele liwe limetanuliwa kujaza eneo lote, la sivyo kilikuwa kama hakifanyi kazi. Vichupo vilivyokuja na toleo la 2019 vimeondoa utata huo. Kama una miradi miwili iliyofunguliwa kwa pamoja, kitaacha mwonekano mmoja kwa kila mradi, kwa sababu kuufunga wa mwisho ni kuufunga mradi wenyewe, na kitufe hiki hakina mamlaka hayo. Watu hushangaa wanapoona kichupo kimebaki na kukibofya tena na tena. Jibu lake ni kwamba kichupo hicho ni cha mradi mwingine.

Kitufe hiki hakina njia ya mkato ya kibodi tangu kiwandani, lakini ukiandika KS unafungua jedwali la njia za mkato na kukipa herufi unazozitaka. Hilo ni jambo la kwanza ninalolifanya katika kompyuta mpya. Njia nyingine zinazokwenda nalo zipo tayari: WT hupanga madirisha yote yaliyo wazi ubavu kwa ubavu, ZA huyakuza yote yajae nafasi yake, na TW huyarudisha kuwa vichupo. Utaratibu wangu wa kuchora ngazi ni huu: nafungua plani, nabonyeza njia ya mkato ya kufunga mingine, nafungua mkato na mwonekano wa pande tatu, naandika WT kisha ZA. Nabaki na madirisha matatu yanayozungumza, kila hatua ya ngazi ninayoibadilisha upande mmoja ikionekana pande zote, na hakuna dirisha la nne la kunipotosha.

Kuna aina moja ya dirisha ndani ya Revit ambayo kweli ni faili, nayo ndiyo inayowachanganya watu: familia, yaani faili ya kifaa kimoja cha jengo kama mlango au sinki. Ukichagua mlango na kubofya Edit Family, Revit inafungua faili nyingine kabisa, yenye kiendelezi cha .rfa, katika kichupo kinachofanana na vingine vyote. Ukishaurekebisha mlango na kubofya Load into Project, mlango unarudi kwenye mradi, lakini faili ya familia inabaki wazi nyuma yako. Fanya hivyo kwa milango, madirisha ya alumini, masinki na samani kwa asubuhi moja, na Close Inactive haitakusaidia, kwa kuwa kila familia inahesabiwa kuwa hati inayojitegemea na inaachiwa mwonekano wake mmoja. Ndiyo sababu kipo kitufe cha pili, Load into Project and Close, ambacho kinapeleka na kufunga kwa pamoja. Kitakuuliza kama uhifadhi familia. Kama rekebisho ni la mradi huu tu, jibu hapana, kwa sababu mlango uliorekebishwa umeshaingia ndani ya mradi, na ile faili ya maktaba ya ofisi inapaswa kubaki ilivyokuwa kwa ajili ya wengine.

Pale ambapo watu kadhaa wanafanya kazi katika modeli moja ya pamoja, kila mmoja akiwa na nakala yake ya faili kuu, kufunga kunarudi kuwa na uzito uleule wa AutoCAD, ila uzito huo hauko kwenye dirisha, uko kwenye umiliki. Unapogusa ukuta katika nakala yako, Revit inauandika kuwa umeazimwa na wewe, na mwenzako hawezi kuubadilisha mpaka uuachie. Ukifunga mradi wenye mabadiliko ambayo hayajapelekwa kwenye faili kuu, unapewa uamuzi wa kuoanisha na faili kuu, wa kuhifadhi kwako tu, au wa kutohifadhi. Anayehifadhi kwake tu na kuzima kompyuta siku ya Ijumaa ameondoka na kuta za watu mpaka Jumatatu. Mimi nafunga mionekano yote isipokuwa karatasi moja nyepesi, kwa kuwa kuoanisha kunakwenda haraka zaidi pale programu isipokuwa na mionekano mizito ya kuchora upya, kisha naoanisha, naachia vyote nilivyoazima, ndipo nafunga mradi.

Yote hayo ni kwa dirisha ulilolifunga mwenyewe. Umeme ukikatika, na UPS ikawa haina chaji ya kutosha, madirisha yote yanafungwa kwa mara moja bila kuuliza. Hapa tofauti ya programu hizi inaonekana tena. AutoCAD huandika nakala ya tahadhari yenye kiendelezi cha .sv$ kila baada ya dakika 10, isipokuwa kama mtu amebadilisha kigeu cha SAVETIME, na ukiiwasha tena inakuletea orodha ya michoro iliyokuwa wazi ili uirejeshe. Revit haina uhifadhi wa aina hiyo; inakukumbusha tu kuhifadhi, na anayelifunga kila mara kikumbusho hicho bila kuhifadhi hana cha kurejesha isipokuwa alichohifadhi kwa mkono wake.

Kwa michoro ya AutoCAD iliyofungwa na umeme, zile faili za .dwl hazikupata nafasi ya kufutwa, na huenda zikabaki kwenye seva zikidai kwamba bado umeushika mchoro ambao hata wewe mwenyewe huwezi kuufungua. Hakikisha kwanza kwamba hakuna mtu mwingine aliyeufungua kweli, subiri kidogo seva iachie, kisha uzifute hizo mbili peke yake, si DWG yenyewe. Halafu katika orodha ya urejeshaji usibofye ya kwanza unayoiona. Linganisha saa ya .sv$ na saa ya DWG, fungua zote mbili, na ihifadhi iliyorejeshwa kwa jina tofauti mpaka utakapokuwa umezitazama kuta na vipimo ubavu kwa ubavu na kujua ipi ndiyo yenye kazi ya mwisho.